Mto Mwakashata

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga mjini, kuna mzee mmoja mzawa wa Pangani. Mpe kikombe cha pili cha kahawa tu, Mto Pangani unafurika. Atauanzisha Kilimanjaro na Meru, aushushe hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, apite nao Hale ukawashe taa za watu, kisha auteremshe taratibu mpaka kwao, penye kivuko cha kwenda Bweni. Kilomita kama 500, zote anazimaliza kwa mdomo. Siku hiyo alipofika baharini akavuta pumzi, akanigeukia.

"Na nyie kwenu huko kaskazini, Mkinga, mna nini? Mifereji?"

Watu wakacheka. Ningeweza kumtajia Umba, mto wa haki kabisa, unaotoka milima ya Usambara. Ila Umba unakwenda kumwagika upande wa Kenya, karibu na Vanga, na nilijua atasema hata mto wenu umewahama, umekata pasipoti. Hasira zikanipanda. Mkononi nina kashata, mdomoni nina kashata, nikasema:

"Tuna Mwakashata."

"Mwakashata ndiyo nini?"

"Mto."

Ningenyamaza hapo ningepona. Nikawaambia haukauki kiangazi wala masika. Nikawaambia kambare wake hukaangwa bila mafuta, wanakuja nayo. Ugomvi wa shamba kwetu, nikasema, hauendi mahakamani: wagomvi huingizwa mtoni, na aliye mwongo hupiga chafya. Mamba je? Wapo, ila hawamli mwenyeji, wanakunusa kwanza. Hiyo ya kunusa ilinishangaza hata mimi. Halafu, kwa kiherehere changu, nikaongeza kwamba tope lake linatibu magoti.

Pale pembeni alikuwa babu mmoja ambaye kuinuka kwake mkekani ni safari ya vituo vitatu, kila kituo na Bismillahi yake. Akaweka kikombe chini.

"Mjukuu wangu, Jumapili unanipeleka."

Nikasema ni mbali. Mwanawe ana Noah. Nikasema barabara mbaya. Wakanikumbusha ya Horohoro, mpakani na Kenya, ni lami. Nikasema basi nitamletea tope kwenye dumu. Mzee wa Pangani akadakia, "Hata! Na sisi twataka kunuswa."

Jumapili tulikuwa kumi na mmoja kwenye gari ya watu wanane, na sufuria ya pilau imepakatwa. Tukapita Amboni, kila kalavati wanauliza, "Ndiyo huu?" Bado. Natazama nje kama mtu aliyebanwa na haja anayetafuta kichaka. Nilipoona Horohoro inakaribia, na pasipoti sina, nikaonyesha njia ya vumbi ya kwanza niliyoiona. "Kata hapa."

Njia ikaishia kwenye mikorosho. Kivulini kuna kijana amekalia bodaboda yake, anatafuna muwa. Nilitaka nishuke nimkonyeze, lakini mzee wa Pangani keshatoa kichwa dirishani.

"Bwana mdogo, Mwakashata uko wapi?"

Nikafumba macho.

Kijana akatema makapi. Akaitazama gari, akahesabu kofia, akaiona sufuria. "Shikamooni wazee. Mwakashata upi, wa juu au wa chini?"

"Wa magoti," akasema babu.

"Huo wa chini. Kuwapeleka elfu kumi."

Nililipa mimi, maana ndiye mwenyeji. Elfu kumi taslimu, kuonyeshwa mto nilioutunga mwenyewe! Babu akamuuliza kama ni kweli mamba wake wananusa. Kijana akanitupia jicho. "Sana," akasema. "Hadi viatu."

Ulikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe. Maji rangi ya chai ya maziwa, ukingoni kwato zimechimba vishimo, kila kishimo na kiluwiluwi wake. Mzee wa Pangani akaliambaa lote akihesabu hatua, akarudi pale pale alipoanzia.

"Mto gani huu unaozungukika?"

"Mito mingine, mzee wangu, inakwenda inapotelea baharini," akasema kijana bila kupepesa. "Huu wetu unarudi."

Babu hana habari nao. Keshakunja kikoi, kanishika bega, tumeingia wote. Tope likanimeza hadi ugokoni. Yeye akawa anajipaka magotini kwa kiganja, polepole, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Sasa lile vumbi la njiani lilikuwa limenijaa puani. Nikajizuia. Nikajibana pua. Ikatoka chafya iliyowatimua ng'ombe.

Kimya.

"Mwongo!" mzee wa Pangani akaruka juu. "Mto umemsema! Nilijua tangu mwanzo hakuna mto!"

"Kama hakuna mto," akauliza babu, "kilichomsema ni nini?"

Mzee wa Pangani akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kukaa karibu na sufuria.

Tatizo ni kwamba babu anasema amepata nafuu. Mkekani sasa anainuka kwa vituo viwili. Kila wiki nalipia dumu la tope lije mjini na basi. Juzi kijana kanipigia simu, kapandisha bei hadi elfu kumi na tano, ati Mwakashata umeanza kukauka. Nikamwambia haiwezekani, Mwakashata haukauki kiangazi wala masika.

Akaniuliza nimejuaje.