"Ni uzee tu" si jibu la daktari

Wiki iliyopita nilimpeleka shangazi hospitalini. Ana miaka 79, na wiki tatu sasa hatembei. Daktari hakumgusa goti, hakumsimamisha. Aliuliza umri, akaandika, akasema, "Ni uzee tu, mama." Tukapewa dawa ya maumivu. Njia nzima shangazi hakusema neno.

Usiku huo nilimkumbuka Marjory Warren. Alikuwa daktari wa hospitali ya West Middlesex, Isleworth, pembezoni mwa London. Mwaka 1935 hospitali ilichukua jengo la jirani lililokuwa la kutunzia maskini, naye akakabidhiwa wagonjwa zaidi ya 700. Wengi walikuwa wazee waliolazwa miaka na miaka, wakilishwa na kusafishwa, bila yeyote kuuliza tena wanaumwa nini.

Warren akauliza. Alimpima kila mmoja upya, akawatenganisha: huyu kiharusi, yule moyo, yule amechanganyikiwa, na huyu hana ugonjwa wowote wa kumweka wodini. Akataka wodi zenye mwanga na rangi, viti vya kukalia mchana, vyuma vya kushika ukutani. Akawatoa vitandani. Wengi wakatembea tena, na waliokuwa wameandikiwa kufia pale wakarudi kwao.

Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Mlaze mtu yeyote, hata kijana, umwache. Misuli itanywea, viungo vitakakamaa, ngozi ya mgongo na visigino itachanika vidonda, choo kitamshinda, mawazo yatazubaa. Mzee hupotea haraka zaidi kwa sababu akiba yake ya nguvu ni ndogo. Halafu tunasimama miguuni pa kitanda tunasema: mnaona, uzee umemmaliza. Kitanda ndicho kilichommaliza, na sisi tuliomwacha humo. Warren aliliona hilo, na mwaka 1943 akaandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba wagonjwa hawa wahudumiwe ndani ya hospitali kuu, kwenye vipimo na mazoezi ya viungo, wasitupwe pembeni.

Jina lenyewe la tiba ya wazee, "geriatrics", lilibuniwa na daktari Ignatz Nascher huko New York mwaka 1909. Namheshimu. Lakini jina halimwinui mtu kitandani.

Sawa, daktari wetu alikuwa na foleni ndefu, na wapo wazee ambao hata Warren hakuweza kuwasimamisha. Hilo nalikubali. Lakini utajuaje kama ni mmoja wao kabla hujamtazama?

Warren alifariki mwaka 1960 kwa ajali ya gari nchini Ufaransa, akiwa safarini kwenda mkutanoni. Alikuwa bado kazini.

Jana nilimshika shangazi mikono nikamwomba ajaribu kusimama. Alisimama, akahesabu hadi kumi na mbili, akaketi. Kisigino cha kushoto, akasema, ndicho kinachomchoma. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Jumatatu tunarudi, na nitaomba avuliwe viatu kwanza.