Kabla ya kumpeleka mwanafunzi Mwezini, mpitishe sokoni

Muuza nyanya akisema "uzito wake kilo mbili" hajakosea. Amesema Kiswahili. Neno uzito lilikuwa likitumika mabegani na mizanini zamani sana kabla wanafizikia hawajaliazima na kulibana libebe maana moja tu: nguvu ambayo dunia inakivutia kitu. Kile kilichobaki kikahitaji jina lake, ndipo tukapata tungamo, au masi kwa wengine. Mwanafunzi anakariri ubaoni kwamba tungamo ni kiasi cha maada na hupimwa kwa kilo, uzito ni nguvu na hupimwa kwa nyutoni. Jioni anatumwa sukari "uzito wa nusu kilo". Kwenye jaribio anaandika uzito wake ni kilo 45, anakatwa alama, wala haelewi amekosea nini.

Kwangu mimi kosa hilo ni letu tunaofundisha. Tunaanza na fasili, kisha tunarukia Mwezini, mahali ambapo hakuna mtu darasani atakayekwenda kuhakikisha. Kumbe vifaa viwili vinavyozitenga dhana hizi vinaning'inia sokoni.

Cha kwanza ni mizani ya sahani mbili. Huku jiwe la kilo moja, huku mchele. Mizani hii hailijui jambo lolote kuhusu ukubwa wa nguvu; inalinganisha tu. Dunia inalivuta jiwe na inauvuta mchele, na kila kilo inavutwa sawa na kilo mwenzake, kwa hiyo mkono ukitulia katikati, tungamo zimelingana. Ihamishie Mwezini, ambako mvuto ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu: jiwe linavutwa kidogo, mchele nao kidogo vilevile, mkono unabaki palepale.

Cha pili ni mizani ya ndoano, ile yenye springi ndani. Hii hailinganishi na jiwe lolote. Inavutwa, inarefuka, mshale unashuka. Inachopima ni nguvu. Kilo zilizochorwa usoni mwake ni tafsiri ya mtengenezaji, aliyeamua kwamba springi ikivutwa kwa nyutoni 9.8 hivi, mshale usome kilo 1. Samaki anayesoma kilo 6 kwa mizani hii Dar es Salaam, Mwezini angesoma kilo 1, ingawa hajapungua hata gamba.

Zoezi la darasani halihitaji zaidi ya hapo. Chukua mizani ya springi yenye alama za nyutoni na pakiti ya sukari ya kilo moja. Kwanza ining'inize wima bila kitu na urekebishe mshale ukae kwenye sifuri. Ukiweka sifuri mizani ikiwa imelala mezani, ukiisimamisha itasoma zaidi ya sifuri kabla hujaipa mzigo, kwa sababu ndoano na springi yenyewe vina uzito. Kisha ning'iniza pakiti. Utapata karibu 9.8 na ziada kidogo ya karatasi. Angalia pia kikomo cha mizani: ile ya nyutoni 10 ukiining'inizia pakiti mbili, springi inavutika kupita uwezo wake wa kurudi, na kuanzia siku hiyo kila kipimo chake ni cha uongo. Mizani nyingi za maabara zimekufa kwa namna hii, na hakuna anayezitoa kabatini.

Hapo ndipo namba 9.8 inapopaswa kuingia darasani, ikiwa na sura ya "nyutoni 9.8 kwa kila kilo". Kuianzisha kama mchapuko wa kitu kinachoanguka, mita kwa sekunde kwa sekunde, ni kumrushia mtoto vitu viwili kwa wakati mmoja. Kipimo ni kilekile, lakini "kwa kila kilo" inajieleza: gunia la kilo 100 lina uzito wa nyutoni 980 hivi. Anayetumia 10 kurahisisha hesabu atumie, ila ajue amejiongezea asilimia mbili.

Na namba yenyewe haiko sawa kila mahali. Kwenye ikweta, usawa wa bahari, ni 9.780, kwenye ncha za dunia ni 9.832. Sababu ni mbili. Dunia inazunguka, na ikweta ndiyo inayokwenda mbio kuliko kwingine, mita 465 hivi kwa sekunde. Sehemu ndogo ya mvuto inatumika kutuzungusha pamoja nayo badala ya kutugandamiza chini. Pili, mzunguko huohuo umeitanua dunia kiunoni, hivyo mtu wa ikweta yuko mbali na kiini cha dunia kwa kilomita 21 kumzidi mtu wa ncha. Ongeza mwinuko wa nchi za bara, namba inashuka tena kidogo.

Tofauti hiyo ni ya nusu ya asilimia, na wengi huipuuza. Muuza dhahabu asiipuuze. Mizani ya kidijitali inaonekana ya kisasa, lakini ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno mzigo ukikaa juu, na umeme unasoma kupinda huko. Kwa maneno mengine, ni binamu wa mizani ya ndoano. Iliyorekebishwa London, ambako kila kilo inavutwa kwa nyutoni 9.812, ikiletwa Mwanza ikawashwa na kutumika hivyohivyo, itasoma pungufu ya gramu tatu na nusu kwa kila kilo. Hakuna aliyechezea kitu. Dawa yake ni ndogo: iweke juu ya meza isiyotikisika, ilaze sawa kwa kufuata povu la pima maji yake, iache iwake dakika kadhaa ipate joto, kisha irekebishe kwa jiwe la tungamo linalojulikana, hapohapo itakapofanyia kazi. Ukiihamishia mkoa wenye mwinuko tofauti, rudia. Mwenye mizani ya sahani mbili yeye analala usingizi.

Pamoja na hayo, mizani pekee haitoshi, maana mwanafunzi anaweza kutoka hapo akidhani tungamo ni jina la uzito uliosafishwa tu. Tungamo ina kazi yake nyingine ambayo haihusiani na kuvutwa chini: ni ukaidi wa kitu kuanza kwenda na ukaidi wa kusimama. Kwa hili sijaona mfano unaoushinda ule wa jahazi. Chombo cha tani 20 pamoja na shehena kinaelea. Uzito wake wote umebebwa na maji, mtu hahitaji kuinua hata gramu. Basi jaribu kukisukuma na gati. Utakisukuma, kitasita, kitaanza kusogea polepole kana kwamba kinafikiri. Sasa kinarudi kwenye gati kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea, na mtu anatanguliza mguu kukizuia. Akitaka kisimame ndani ya sentimita 25, ambazo ndizo goti linaweza kukunja, anahitaji nguvu ya nyutoni 10,000, yaani sawa na kubebeshwa tani moja. Mguu unavunjika. Mabaharia wanalijua hili bila fomula, ndiyo maana hutanguliza matairi.

Ukaidi huo ndio unaoeleza pia kwa nini nazi nzito na kokoto zikidondoka pamoja hufika chini karibu pamoja. Nazi inavutwa zaidi, lakini ni kaidi zaidi kwa uwiano uleule. Mwaka 1971 David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya Mwezini, mahali pasipo hewa ya kuuzuia unyoya, vikatua sawia. Huo ndio wakati unaofaa kwenda Mwezini.

Jambo moja la kung'oa mapema: "angani hakuna mvutano, ndiyo maana wanaanga huelea". Kituo cha kimataifa cha anga kiko juu kama kilomita 400. Kwa umbali huo kila kilo bado inavutwa kwa nyutoni 8.7. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na chumba chao wanaanguka pamoja, huku wakienda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba kadiri wanavyoanguka, dunia nayo inajipinda chini yao. Ukisimama juu ya mizani ndani ya lifti inayoanza kushuka, mshale unarudi nyuma kidogo. Ni jambo lilelile kwa kipimo cha mjini.

Atakayetaka kuipima 9.8 mwenyewe aazime timazi ya fundi uashi. Mwaka 1672 mwanafalaki Mfaransa Jean Richer alisafiri na saa ya timazi, ile inayohesabu muda kwa kichuma kinachobembea, kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, umbali uleule ambao Pemba ipo kusini, na saa ikachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Mvuto ulikuwa umepungua, na timazi ikabembea polepole zaidi. Kwako, funga uzi wenye urefu wa sentimita 80, ukipima hadi katikati ya kichuma, maana ukiishia kwenye fundo, sentimita 1 tu pungufu, 9.78 inageuka 9.66. Ivute kidogo, isizidi pembe ya nyuzi 10 kutoka wima. Kwa nyuzi 30 jibu linashuka hadi 9.45. Hesabu mibembeo 20, kila mmoja kwenda na kurudi. Unapobonyeza saa sema "sifuri", si "moja". Anayeanza na moja amehesabu 19 akidhani ni 20, na atapata 10.8, kisha atamsingizia uzi.

Ukifanya vizuri utapata sekunde 36 hivi. Zigawe kwa 20 upate muda wa mbembeo mmoja, kisha zidisha urefu wa uzi kwa mita na 39.5 (yaani 4π²), ugawe kwa muda huo uliojizidisha wenyewe. Kidole chako kwenye simu kinakosea sehemu mbili za kumi za sekunde, na hiyo peke yake inalisogeza jibu kwa 0.1 huku au kule. Kwa hiyo aliyeandika 9.7812 amenakili kikokotoo. Andika 9.8.