Kisamvu cha Ulaya

Mi niko Ujerumani mwaka wa sita sasa, na kabla hamjaanza kunisema, huku tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa kupanda miche mitatu ya bangi kwake, mitatu tu, wa nne tayari kesi. Basi na mimi nikapanda yangu mitatu chumbani, home ningekuwa nawasimulia haya nikiwa mahabusu.

Miche ikashika vizuri, majani mpaka yananigusa nikilala. Shida maua. Na bangi bila maua umefuga majani tu bana. Nilikuwa najua inataka giza masaa 12 kila siku ndo ianze kutoa maua, nikanunua taima, taa inawaka saa 1 asubuhi inazima saa 1 jioni. Wiki tatu, hola.

Mshikaji mmoja kazini akanambia ipe vitamini B, itachanua mpaka ushangae. Sasa mi na kichwa changu, hata sikuuliza vitamini B ya wapi, nikapitia supamaketi nikabeba zile za binadamu, vile vidonge vikubwa unatumbukiza kwenye maji vinatoa povu, mkebe una 20, ladha ya chungwa. Nikapiga hesabu, mtu mmoja kidonge kimoja, mti una njaa, vitatu. Maji yakawa rangi ya Fanta nikamwagia, udongo ukafanya tsssss, nikasema eeh hiyo kitu inaingia.

Siku ya tano chumba kinanuka juisi, vijinzi vidogo vimehamia, ncha za majani zimeungua kama mkate uliosahaulika kwenye tosta. Mi nikaona dozi ndogo nikaongeza.

Katikati ya balaa hilo mama akapiga video. Nikasahau kugeuza simu.

"He! Mwanangu, kumbe Ulaya kuna kisamvu?"

Nilifanyaje? "Kipo mama."

"Mbona kimenyauka hivyo? Unakipa nini?"

"Vitamini mama, nataka kitoe maua."

Kimya. Alafu, "Maua ya nini? We chuma majani utwange!"

Nikaona isiwe tabu, nikamfata mzee wa ghorofa ya chini, Mjerumani mstaafu analima nyanya kwenye baraza na yeye anayo mitatu yake. Akanusa udongo, akaangalia mkebe, akakaa chini akacheka mpaka akavua miwani. Akanambia mmea unatengeneza vitamini zake wenyewe, sisi ndo tunaenda kuziomba kwake, we hapo umeumwagia tindikali ya limau na magadi na rangi. Mwagia maji matupu mengi yatokee chini, alafu acha udongo ukauke. Akauliza na giza je? Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, masaa 12, taima haijawahi kukosea.

"Usiku huingii humo?"

Sasa hapo ndo aibu yenyewe. Mi napiga shifti ya usiku, narudi saa 8, na kila nikirudi kitu cha kwanza nawasha taa ya chumba, nakaa nusu saa nzima nachungulia kila kitawi kama ua limetoka. Kila usiku! Yaani mti unaanza kuamini ni usiku mrefu, mi huyo, pwaa, kumekucha. Vidonge viliunguza tu, lakini aliyezuia maua ni mimi mwenyewe na hamu yangu ya kuyaona.

Nikahamia kulala sebuleni. Nikanunua pazia zito nikaziba mpaka chini ya mlango, sikuwasha hata simu humo. Wiki ya pili, mchana, nikaona vinywele vyeupe viwili kwenye kifundo, nikapiga kelele kama timu imefunga goli.

Shida iliyobaki ni moja. Mama mdogo anakuja kunitembelea mwezi wa 12, na mama ashamwambia asihangaike na msosi wa huku, mtoto ana kisamvu chake chumbani, abebe tu nazi.