Usita wa Mui hauna pa kujificha

Jamani mie nauliza, hawa wazee wetu wa Lamu walipokua wakijenga Usita wa Mui, yaani njia kuu ya mji wetu, wao hawakua na madeni? Maana ukinyoosha mkono huku unagusa duka, ukinyoosha huku unagusa goti la mzee aliyekaa barazani, na hapo katikati ndio tupite sote, mimi, mama na buibui lake na watoto, kijana na mkokoteni wa soda, mtalii anayepiga picha mlango, na punda. Kwenye ramani wameandika Harambee Avenue. Avenyu! Punda wawili wa simiti wakikutana tu, biashara yote inasimama.

Na mie kwangu ni Mkomani, soko liko kule ngomeni, kwa hivyo lazima nipite, na kuna bwana mmoja ana duka la nafaka njiani tuna hesabu zetu ndogo ndogo mimi na yeye, sitaki kuzieleza hapa. Utaniambia pita pwani. Pwani kuna shemeji yangu na injini yake ya boti, ile ni habari nyengine. Haya, vichochoro vya nyuma? Unaruka mtaro, unakata kona, unagonga kichwa kwenye sakafu ya nyumba iliyovuka juu ya njia, mara umetokea kwenye ua wa watu kina mama wanasuka nywele wanapiga kelele we nani!

Sasa nisikilizeni, kilichoniudhi zaidi ni historia yenyewe. Zamani hapa usitani ndipo ilipokua pwani. Ngome ile walioanza kuijenga 1813 wakaimaliza 1821 ilikua inatazama maji, siyo mgongo wa majumba. Karne hiyo hiyo biashara ikanoga, boriti, pembe za ndovu, majahazi toka Arabuni na Bara Hindi, watu wakapata pesa wakafukia bahari wakajenga mbele. Wakajenga vizuri, sikatai, lakini upepo wa kusi uliokua wetu leo anaupata mgeni aliyelala kwenye paa la hoteli, sisi huku chini tunapata joto na harufu ya punda. Kama maji yangekua yapo pale pale mtu mwenye hesabu zake angerukia mtumbwi akaenda zake Shela kwa amani.

Na ngome yenyewe ilikua jela mpaka 1984, katikati ya maduka! Unanunua bizari unatazamana na jela. Waliochagua pale walikua wanawajua watu wa mji huu. Hata Wajerumani, walifungua posta yao usitani hapa 1888, enzi wako na mambo yao ya Witu, ule usultani wa kule bara waliokua wakiulinda, mwaka 1890 wakawaachia Waingereza Witu, 1891 posta ikafungwa. Leo ni makumbusho. Mie nawaelewa wale, utaendeshaje posta mahali ambapo habari inafika kabla ya barua? Mimi nikinunua samaki sokoni, tangu walipopiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, mkia unachungulia kikapuni, basi kila baraza linaona, na nikifika nyumbani bibi ananiambia mbona umechukua tafi na changu walikuwepo. Nani kamwambia? Sijui. Usita.

Na kuupanua haiwezekani, tushaingia kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, ukigusa ukuta unaulizwa. Punda nao wana kliniki yao pale mjini tangu miaka ya themanini, wanatibiwa. Mie nikiumwa mgongo nasuguliwa mafuta ya nazi.

Juzi basi nikapata akili. Akaja punda mkubwa, shogi zimejaa mchanga pande zote mbili, nikajibanza ubavuni kwake upande wa pili wa duka la yule bwana nikawa natembea naye taratibu, nimeinama kidogo, kofia nimeishusha. Tukaenda vizuri kabisa. Kufika mbele ya duka, pale pale mlangoni, punda akasimama. Mwenyewe akamsukuma, wapi. Akampiga kidogo, punda anatazama tu magunia ya mahindi. Watu nyuma wakajazana, njia, njia, na mimi siwezi kwenda mbele wala nyuma, nimebanwa ukutani na mchanga unanimwagikia shingoni.

Mwenye duka, mstaarabu yule, hakusema kitu, akanitolea salamu na kikombe cha kahawa chungu. Ila mzee mmoja barazani, hata hahusiki, ndio akaita kwa sauti usita mzima ukasikia, "Baba, ule mtele wa mwezi wa Ramadhani ushalipa?"

Nikamwambia mwenye duka nipimie sukari kilo mbili. Uandike.