Kazi za Reli Zinadai Hisabati Ipi?

Nafasi za kazi na mafunzo ya reli mara nyingi huja na sharti linalowakata watu mapema: ufaulu wa Hisabati kidato cha nne. Kwa Tanzania hilo si sharti dogo. Mwaka 2023 waliofaulu somo hilo walikuwa takriban robo ya waliolifanya, na kufaulu kwenyewe ni kuanzia alama 30 kwa 100, yaani D. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, zikafika Dodoma mwezi uliofuata. Mafundi wanatakiwa. Je, sharti hili linachuja, au linatupa watu wanaofaa?

Tuanze na fundi njia, anayetunza reli na mataruma (mihimili inayozibeba), kwa sababu wengi hudhani kazi yake ni nguvu za mikono tu. Akitaka kujua kona imepinda kiasi gani, hukaza uzi wa mita 20 ncha mbili zikigusa reli, kisha katikati ya uzi hupima nafasi iliyopo kati ya uzi na reli kwa milimita. Hugawa 50,000 kwa kipimo hicho. Akipata milimita 50, nusu kipenyo cha kona ni mita 1,000. Hapo hakuna logarithimu wala matriki. Ila akitumia uzi wa mita 10 na kugawa 50,000 ileile, atapima milimita 12.5 na kupata mita 4,000, mara nne ya ukweli. Kosa hilo halibaki kwenye daftari. Kwa njia yenye nafasi ya milimita 1,435 kati ya reli zake mbili na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, reli ya nje ya kona ya mita 1,000 ingepaswa kinadharia kuinuliwa milimita 118 juu ya ile ya ndani. Kwa jibu lake itainuliwa 30 hivi. Abiria watavutwa upande mmoja, na reli ya nje italika haraka.

Hesabu ya joto haisamehi hata kidogo. Reli zilizounganishwa kwa kuchomelewa hazina pa kutanukia, kwa hiyo hufungwa zikiwa zimevutwa kufikia urefu ambao zingekuwa nao kwenye joto lililochaguliwa. Tuseme reli ya mita 200 ina joto la nyuzi 25 na joto lililochaguliwa ni 40; chuma chake hutanuka 0.0000115 ya urefu wake kwa kila nyuzi moja: milimita 200,000 × 0.0000115 × 15, sawa na milimita 34.5. Fundi akikosea nukta ya desimali akavuta milimita 3.45, reli imefungwa kana kwamba joto lake ni nyuzi 26.5. Jua likiifikisha 60, kila reli ya kilo 60 kwa mita itabeba msukumo wa takriban tani 63 badala ya 38. Kokoto zikiwa chache pembeni mwa mataruma, njia hujikunja kama nyoka.

Dereva hakokotoi akiwa njiani, kompyuta ya kwenye kichwa cha treni inafanya hivyo. Lakini inampasa ajue kwamba kwa breki ileile ya mita 0.8 kwa sekunde kila sekunde, kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa kunataka mita 309 hivi, na kutoka 160 ni mita 1,235, si 617. Kwenye mteremko wa 1 kwa 50 zinakuwa 1,600 na ushee. Mkaguzi wa mabehewa naye akikuta mabehewa 20 yenye uzito sawa, matatu breki zake zikiwa zimezimwa, lazima aone mara moja kwamba breki iliyobaki ni asilimia 85, kisha asome jedwali kujua kama treni inaruhusiwa kuondoka.

Yote haya ni uwiano, desimali, vizio na kuingiza namba kwenye kanuni. Mtihani wa kidato cha nne unapima hayo pamoja na vekta, matriki na mengineyo, na D inaweza kupatikana bila mtu kuonyesha kwamba anayamudu yote haya manne. Anayepata F vilevile huenda aliangushwa na mada ambazo tarumani hazitamfuata.

Wanaotetea sharti wana hoja nzito hata hivyo. Karatasi ya taifa husahihishwa kwa namba ya mtahiniwa. Jaribio la mwajiri husahihishwa na mtu anayejua ni mtoto wa nani anayeomba. Hilo silipuuzi, ndilo linalonifanya nisiunge mkono kukifuta cheti kabisa. Pia anayeanza kama fundi leo anaweza kutaka stashahada kesho, na huko umeme na mekanika hazimsubiri aliyeruka aljebra. Mhandisi hana mjadala: msukumo wa reli tuliouona hapo juu yeye ndiye anayeukokotoa na kuuwekea mipaka.

Hoja ya kwamba mashine zinapima zenyewe siinunui. Behewa la upimaji likiandika 4,000 badala ya 1,000, atakayeshtuka ni yule anayejua kona hiyo inapaswa kutoa milimita 50 kwenye uzi.

Kwa fundi njia na mkaguzi, ningeacha mlango wa pili wazi: asiye na D afanye jaribio la maswali 20 ya uwiano, vizio na kusoma majedwali, likitungwa na kusahihishwa nje ya ofisi inayoajiri, kwa namba bila majina, na alama ya kufaulu iwe 80 kwa mia. Thelathini kwa mia haitoshi pale nukta moja ya desimali inapoongeza tani 25 kwenye reli.