Spaini-lifu kwa raki tatu za Mtwara?

Siku hizi mchoro wa chumba cha seva usipokuwa na spaini na lifu (spine-leaf, mpangilio wa kuunga swichi, yaani vifaa vinavyounganisha seva kwenye mtandao, kwa ngazi mbili) unaonekana umepitwa na wakati. Kwa vituo vikubwa vya data sina ubishi. Ila mchoro huohuo ukiletwa kwenye taasisi ya Mtwara yenye raki tatu, yaani makabati matatu ya seva, iwe chuo, hospitali au chama kikuu cha ushirika wa korosho, ipo haja ya kuuliza kabla ya kusaini: trafiki yenu, yaani data inayosafiri, inatoka wapi na inakwenda wapi?

Mfumo wa zamani hupanga swichi kwa ngazi tatu: za chini zinashika seva, za kati zinakusanya, za juu zinaunganisha wote. Ukiweka njia mbili ili moja ikifa nyingine iokoe, data inaweza kuzunguka bila kikomo, kwa hiyo itifaki ya STP, yaani kanuni ya swichi ya kuzuia mzunguko huo, huifunga njia ya pili. Ni sawa na kuifunga barabara ya Masasi, Tunduru na Songea mwaka mzima, ukaifungua tu pale barabara ya pwani ya kwenda Dar es Salaam inapokatika Somanga kama Mei 2024. Umelipia lami mbili, unapita moja.

Spaini-lifu inaondoa hasara hiyo. Kila lifu, yaani swichi iliyo kwenye raki pamoja na seva zake, inaungwa na kila spaini. Lifu kwa lifu haziungani, wala spaini kwa spaini. Seva ikitaka kuzungumza na ya raki nyingine inapita spaini moja tu, na njia zote zinabeba mzigo kwa wakati mmoja. Ukiwa na spaini nne na moja ikafa, umepoteza robo ya uwezo, kazi inaendelea. Wazo lenyewe ni la kizee: Charles Clos wa Bell Labs aliliandika mwaka 1953 kwa ajili ya mitambo ya simu.

Sasa hesabu. Raki tatu, lifu mbili kila raki, spaini mbili: hizo ni swichi 8, kebo 12 za kupanda kwenye spaini, na moduli za faiba (vipachiko vya kuchomeka kebo kwenye swichi) 24 kwa kuwa kila kebo ina ncha mbili. Zote zinakula umeme wa UPS na zinahitaji kiyoyozi. Juu yake fundi awe anaijua BGP, itifaki ya kuchagua njia za data, pengine na VXLAN, ya kujenga mtandao pepe juu ya mtandao uliopo. Seva zikiwa chache, swichi mbili nzuri zilizofungwa zifanye kazi kama moja, kila seva ikishika zote mbili, zinatosha, na hakuna njia inayolala.

Halafu trafiki ya taasisi nyingi za huku inatoka nje ya jengo. Mikongo ya intaneti ya chini ya bahari ya EASSy na SEACOM ilipokatika Mei hiyohiyo, hakuna mpangilio wa swichi za ndani ambao ungemsaidia mtu. Hela ya swichi sita za ziada ningeipeleka kwenye faiba ya pili inayopita njia tofauti, na kwenye betri.

Upande wa pili una hoja nzito, hata hivyo. Hospitali yenye picha za CT, hifadhi iliyotawanywa kwenye seva kadhaa na nakala rudufu za kila usiku ina seva zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe kutwa. Hapo spaini-lifu inalipa. Raki mpya ni kuongeza lifu, uwezo ukipungua unaongeza spaini, bila kubomoa kitu. Swichi mbili zikijaa poti, yaani matundu ya kebo, zimejaa.

Lakini hata hapo mchoro peke yake hautoshi, na wauzaji huliruka hili. Lifu yenye poti 48 za gigabiti 25 inaweza kupokea gigabiti 1,200 kwa sekunde. Ikiungwa na spaini kwa njia sita za gigabiti 100, inapandisha 600. Nusu. Uwiano huo uandikwe kwenye zabuni.

Mimi ningenunua swichi mbili zenye uwezo wa kufanya ruting (kuelekeza data kati ya mitandao) na poti za gigabiti 100 zilizoachwa wazi. Siku raki ya nne itakapoingia, hizo zinageuka lifu, na spaini zinanunuliwa wakati huo.