Amehifadhi Juzuu Amma, Atasahauje Aliyempiga?

"Mtoto aliyehifadhi Juzuu Amma nzima, anayejua namba za matatu zote za Likoni, hawezi kusahau ni nani aliyempasua nyusi. Anaficha." Maneno hayo mwalimu mmoja alimwambia dada yangu mwaka jana, na mtoto mwenyewe amesimama kando, shati lina damu. Mtoto huyo ni mpwa wangu. Ana miaka 10 na ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa jinsi mtu anavyowasiliana na wengine. Juzuu Amma ni juzuu ya mwisho ya Qurani. Aliulizwa mara nne, "Kulitokea nini?" Mara zote nne akajibu, "Sijui." Baada ya hapo hakuulizwa tena. Aliadhibiwa kwa kusema uongo.

Mwalimu yule nimeshamsamehe. Hoja yake ndiyo iliyonikaa rohoni, kwa sababu si yake peke yake. Nimeisikia kwa maalim, kwa majirani na hata ndani ya nyumba yetu. Sote tunaizungumzia kumbukumbu kama ghala: mwenye ghala kubwa ana kila kitu, na akisema hana, basi amefunga mlango makusudi. Kwa mtoto mwenye usonji hoja hii ni ya hatari, maana kila anachokikumbuka vizuri kinageuzwa ushahidi dhidi yake siku anayoshindwa kukumbuka.

Haki itendeke, upande huo nao una msingi. Leo Kanner, daktari wa maradhi ya akili ya watoto huko Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 ambao leo tungesema wana usonji, alishangazwa na uwezo wao wa kuhifadhi. Wa kwanza katika orodha yake, Donald wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, kabla ya kutimiza miaka 3 alikuwa ameshahifadhi Zaburi ya 23 pamoja na maswali na majibu 25 ya katekisimu ya Kipresibiteri. Mpwani yeyote akiyasoma hayo anamwona mtoto wa chuo cha Qurani, kofia kichwani, anamaliza sura bila kukwama huku wakubwa zake bado wanababaika. Yupo pia Stephen Wiltshire, mchoraji wa London mwenye usonji, ambaye mwaka 2005 alizungushwa kwa helikopta juu ya Tokyo, akashuka, akauchora mji ule kwa kichwa tu juu ya turubai ya mita 10.

Hao ni wachache, ila si wachache wa kupuuzwa. Bernard Rimland wa Marekani alikusanya mwaka 1978 taarifa za wazazi wa watoto 5,400, na takriban mtoto 1 kati ya 10 alitajwa kuwa na kipaji cha pekee, kiwe cha kuhifadhi, muziki, hesabu au kuchora. Patricia Howlin na wenzake wa Uingereza walifuatilia watu 137, na mwaka 2009 wakatoa hesabu ya zaidi ya robo. Hata kwa hesabu hiyo, wasio na kipaji cha namna hiyo ndio wengi. Na mtu aliyechochea filamu ya Rain Man ya mwaka 1988, iliyoufanya ulimwengu uamini kwamba usonji na kumbukumbu ya ajabu ni pacha, ni Kim Peek, ambaye wataalamu waliomchunguza baadaye walisema hakuwa na usonji. Alizaliwa bila lile daraja la neva linalounganisha pande mbili za ubongo.

Hata hivyo, mzazi anayejivunia kipaji cha mwanawe simbezi. Joseph Gona na wenzake wa Kilifi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, waliwauliza wazazi na watoa huduma wa Mombasa na Kilifi usonji unatokana na nini. Pamoja na sababu za kitabibu, walitajiwa uchawi, pepo na laana. Katika nyumba ambamo mtoto amenong'onwa kuwa ana jini, siku anaposimama mbele ya wageni akasoma Surat Yasin aya zote 83, mama yake huinua kichwa. Dada yangu aliinua kichwa siku hiyo, na sitaki mtu yeyote amnyang'anye hilo.

Ila kuna upande wa pili, ambao huku kwetu hausemwi, na huo ndio ulionifanya niandike.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko London, Beate Hermelin na Neil O'Connor waliwasomea watoto maneno wayarudie. Mara nyingine maneno yalipangwa yakawa sentensi, mara nyingine yalitupwa ovyo. Watoto wasio na usonji walikumbuka mengi zaidi maneno yalipokuwa na maana, kwa sababu maana huyafunga maneno pamoja kama ukambaa unavyofunga mkeka. Wenye usonji walinufaika kidogo tu na maana hiyo. Walishika vizuri, lakini kila neno walilishika peke yake. Wakaja Jill Boucher na Elizabeth Warrington mwaka 1976 na jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote: watoto wenye usonji walishindwa walipoambiwa wataje tu walichokiona au kukisikia, lakini walipopewa kidokezo, pengo lao na wenzao lilitoweka.

Naomba tukae hapa kidogo. Mtajie mtoto maneno 12 yaliyochanganywa: embe, kanzu, mbuzi, ndizi, kofia, punda, na kuendelea. Kisha mwambie, "Haya, niambie uliyoyasikia." Wengi wetu, bila kujua, tunayapanga kichwani: matunda huku, nguo kule, wanyama pale, na tunda moja linaliita jingine. Mwenye usonji mara nyingi hayapangi hivyo. Swali liko wazi pande zote na hajui aingilie wapi. Sasa mwambie, "Kulikuwa na matunda. Yapi?" Anayataja. Yalikuwemo muda wote. Dermot Bowler wa London na wenzake wamelirudia jambo hili tangu mwaka 1997 kwa njia nyingi, na matokeo yanaelekea upande mmoja: kadiri swali linavyobeba msaada ndani yake, ndivyo mwenye usonji anavyokaribia kukumbuka sawa na wengine, na kadiri linavyomwachia kazi yote ya kutafuta, ndivyo anavyoonekana amesahau.

Juzuu Amma ndivyo inavyofanya kazi. Kila aya inaivuta inayofuata, na maalim akikutamkia neno la kwanza umeshapewa ufunguo. Namba ya matatu imeandikwa, haibadiliki, haihitaji kusimuliwa. "Kulitokea nini?" haina neno la kwanza. Inamtaka mtoto achague mwenyewe aanzie wapi, apange lipi lilitangulia, aache lipi, na zaidi ya yote ajirudishe mwenyewe katika tukio, ajione amesimama pale. Endel Tulving alizitenganisha kumbukumbu hizi mbili tangu mwaka 1972, ile ya kujua mambo na ile ya kuyarejea uliyoyaishi. Watafiti wamekuta tena na tena kwamba watu wazima wenye usonji wanayajua vizuri mambo ya maisha yao, shule waliyosoma na mtaa waliokaa, ilhali kisa kimoja cha siku moja hukipata kwa shida na kwa kuchelewa. Sasa mkumbuke yule mwanafunzi anayepewa insha ya "Siku Sitaisahau" na dakika 40 za kuiandika. Anayesahihisha akikuta mistari minne tu, anaandika "mvivu".

Jumamosi ile, baada ya kisa cha nyusi, nilimchukua mpwa wangu tukarudi shuleni kukiwa kutupu. Sikumuuliza kulitokea nini. Tulisimama mlangoni mwa darasa lake nikamwambia, "Kengele imelia. Umeshika nini?" Akasema, "Chupa ya buluu." "Ukaenda wapi na chupa?" Akatembea hadi kwenye mfereji, yaani bomba la maji, nami nyuma yake. Alipoushika ule mfereji alianza kusema mwenyewe: maji yalikuwa madogo, nyuma kulikuwa na watatu, mmoja akasema "harakisha wewe", chupa ikaanguka, kifuniko kikabingirika hadi penye jiwe lenye rangi nyeupe, akainama kukiokota, na alipoinuka akasukumwa kwenye ukingo wa saruji. Alinionyesha ukingo. Kisha akasema, "Mjomba, kifuniko sijakipata," na tukakitafuta.

Niliyoyafanya siku ile niliyafanya kwa kubahatisha. Baadaye nikasoma kwamba Katie Maras na Bowler walikuwa wameshaupima mwenendo kama huo. Mwaka 2010 waliwahoji watu wazima wenye usonji kwa mbinu ambayo polisi wa Uingereza wanafunzwa, ya kumtaka shahidi afumbe macho na kujirudisha kimawazo mahali pa tukio. Kwa wengine mbinu hiyo husaidia sana. Kwa wenye usonji iliongeza makosa. Mwaka 2012 wakawarudisha watu mahali penyewe, kwa miguu yao, na tofauti kati ya wenye usonji na wengine ikapungua. Kumbe kumwambia mtu ajenge mahali kichwani ni kumwongezea mzigo uleule uliomshinda, lakini mahali penyewe panabeba mzigo kwa niaba yake. Mwaka 2020 Maras na wenzake wakajaribu njia nyingine: shahidi kwanza agawe tukio katika vipande anavyovitaka mwenyewe, kisha kipande kimoja kimoja kimalizwe kabla ya kwenda kingine. Waliokumbuka zaidi hawakuwa wenye usonji peke yao. Wasio na usonji nao waliongeza.

Pingamizi zipo, na moja ni nzito. Msaada na kumlisha mtu maneno vimepakana. Ningemuuliza mpwa wangu, "Ni fulani aliyekusukuma, siyo?" huenda angesema ndiyo, na mtoto asiye na hatia angeadhibiwa. Kidokezo kizuri huonyesha mahali pa kutafuta, lakini hakitaji kitakachopatikana. "Umeshika nini?" si "Ulishika chupa?" Nasisitiza hili kwa sababu ipo imani nzuri isiyo na uhakika kwamba mwenye usonji hachanganyi kumbukumbu, akisema kitu basi ndicho. Mwaka 2000 utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha kwamba kweli hawadanganyiki kirahisi wakadhani wamesikia maneno ambayo hawakuyasikia, na mwaka huohuo Bowler na wenzake wakapata kwamba wanadanganyika kama wengine.

Wapo pia wanaosema kwamba kulaumu swali ni kuupunguza ukubwa wa shida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2023, waliwapima watoto 25 wenye usonji na 29 wasio nao, wa umri wa miaka 8 hadi 12. Ugumu wa wale wenye usonji haukuishia kwenye sura za watu, bali ulienea katika kumbukumbu kwa jumla, na picha za ubongo ziliuhusisha na mitandao ya neva yenyewe. Naukubali utafiti huo, ingawa watoto 25 ni darasa moja, na wastani wa darasa haukuambii chochote kuhusu mtoto aliye mbele yako. Tena haupingani na ninachokisema. Asiyeona mbali ana tatizo katika jicho lenyewe, si katika ubao. Bado miwani inamsaidia, na hakuna anayemchapa kwa kutosoma ubaoni.

Kinachonisumbua zaidi ni pale jambo hili linapovuka geti la shule. Mtoto mwenye usonji akidhulumiwa kwa jambo kubwa kuliko kusukumwa mferejini, ataulizwa "kulitokea nini" na afisa wa polisi, kisha na wakili mbele ya hakimu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50(7), inairuhusu mahakama kumkubali mtu wa kati wa kumsaidia mlalamikaji au mshtakiwa kuwasiliana nayo, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ina kinga kwa mashahidi walio katika hali ya udhaifu. Mlango wa kisheria, basi, uko wazi. Lakini mtu wa kati huja baada ya mtu kutambua kwamba anahitajika, na kwa mtoto aliyesoma Juzuu Amma mbele ya wageni, hakuna atakayetambua. Yule asiyesema kabisa ataombewa msaada mapema kuliko huyu. Huyu ataandikiwa katika taarifa kwamba shahidi ana kumbukumbu nzuri ila hataki kushirikiana.

Hapo mferejini nilimuuliza mpwa wangu aliyemsukuma alikuwa na nini. Viatu vyeusi, akasema, kamba nyeupe, ya kushoto imefungwa fundo mara mbili. Sura hakuitaja, na nilipomuuliza kuhusu sura aliangalia chini. Kukumbuka nyuso ni eneo ambalo wengi wenye usonji wanapata taabu, ingawa si wote, maana Donald yule wa Mississippi alisifiwa utotoni kwa kukumbuka nyuso na majina. Jumatatu dada yangu alikwenda kwa mwalimu na habari ya kamba ya kushoto, na kabla ya mapumziko mvulana alipatikana, akakiri. Gwaride la utambulisho la polisi huwapanga watu wanane au zaidi mstarini, shahidi akaambiwa awatazame nyuso.